Kivumbasi: ubishi wa tangu 1903, na zamu ya Tandahimba

Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, na mwaka 1991 kikapanda kuwa taasisi kamili. Nusu karne imeshapita. Huu ni wakati wa haki kuuliza ni mimea ipi ya wilaya zetu imefika maabara, na ni ipi ingali inafyekwa na kuchomwa pamoja na magugu kila msimu wa kuandaa mashamba. Kwa upande wa Tandahimba, Newala na Masasi, wilaya za Mtwara, mmea wa kwanza kuulizwa ungekuwa kivumbasi. Hauna bei sokoni wala haujapata kutajwa katika hotuba za wakubwa, lakini historia yake ni ndefu kuliko ya mkorosho uliousukuma pembeni.

Mmea wenyewe hautafutwi kwa shida. Huota kando ya njia, kwenye mashamba yaliyopumzishwa na pembezoni mwa vichaka, na ukiachwa hupita kimo cha mtu. Shina lake changa lina pembe nne, majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, kingo zake zina meno kama ya msumeno, na maua yake madogo meupe yenye ukijani yamejipanga kwa ngazi juu ya kikonyo. Hizo ndizo alama za familia ya mnanaa, na mrehani wa mabibi harusi ni ndugu yake wa karibu. Ukilifikicha jani lake linatoa harufu ya karafuu, na si bahati nasibu: mafuta ya kivumbasi cha Afrika Mashariki mara nyingi yamejaa eujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu ya Pemba ukali wake. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliuandika mmea huu mwaka 1753 kwa jina Ocimum gratissimum. Baadaye wataalamu wengine waliugawa, wa kwetu ukaitwa Ocimum suave, hadi Alan Paton wa bustani ya Kew alipourudisha chini ya jina la Linnaeus mwaka 1992.

Ubishi mkubwa juu yake ulizuka mwaka 1903, tena London. Kapteni Larymore, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa Kaskazini mwa Nigeria, alieleza kwamba vyungu vichache vya mmea huu vikiwekwa barazani na vyumbani, mbu hukimbia. Sir George Birdwood akalibeba jambo hilo hadi kwenye gazeti la The Times, na kwa muda mfupi wasomaji wa Ulaya wakaamini kwamba malaria imepata mpinzani wa bei ya chungu kimoja cha udongo. Ilikuwa miaka michache tu tangu Ronald Ross athibitishe, mwaka 1897, kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu, kwa hiyo kila dawa ya mbu ilisikilizwa. Daktari Prout wa Sierra Leone akaamua kupima. Aliwaweka mbu karibu na majani mabichi, hawakudhurika. Alichoma majani, mbu wakalewa na kufa, lakini kwa moshi mzito ambao binadamu naye asingeweza kukaa ndani yake. Hukumu yake ikawa kwamba mmea huu hauwezi kuchukua nafasi ya chandarua, na mjadala ukafungwa kana kwamba wazee wa Afrika walikuwa wakijidanganya.

Ubishi ule ulifungwa mapema mno. Majaribio hayo ya majani na moshi yalipima kama mmea unaua mbu. Watu wanaofukiza kivumbasi jioni wanataka mbu asiingie, au akiingia asitulie, na hilo ni swali jingine kabisa. Lilipoulizwa sawasawa, majibu yalibadilika. Mwaka 1973 mtafiti G. B. White aliandika katika East African Medical Journal juu ya thamani ya mimea ya jamii hii katika kufukuza mbu. Mwaka 2002 watafiti waliofanya majaribio magharibi mwa Kenya walionyesha kwamba vyungu vya kivumbasi kidogo, Ocimum americanum, vikiwa hai tu, hupunguza mbu wanaomfikia mtu kwa karibu asilimia 40. Mwaka 2008 mtafiti Eliningaya Kweka na wenzake walichapisha majaribio ya Moshi, na kivumbasi kilichofukizwa kilifanya kazi nzuri zaidi ya kile kilichosimama chunguni. Larymore alizidisha chumvi, naye Prout alikata zaidi ya kipimo. Asilimia 40 ni msaada, si kinga kamili, na mwenye chandarua asikiondoe. Kivumbasi hakitibu malaria iliyokwisha kuingia mwilini, na mwenye homa aende kupimwa.

Kuna jambo la pili ambalo wabishi wa mwaka 1903 hawakuwa nalo. Mafuta ya mmea huu hubadilika kwa mahali: wa Nigeria mara nyingi una thaimoli kwa wingi, wa kwetu eujenoli, na kwingine kuna aina nyingine tena, ingawa kwa macho ni mmea mmoja. Kwa hiyo Larymore na Prout walibishania mmea wa Afrika Magharibi, na matokeo yao hayawezi kubebwa mazima mpaka hapa. Kwa mantiki hiyohiyo, matokeo ya Moshi hayatoshi kukisemea kivumbasi kinachoota kwenye mchanga wa Uwanda wa Makonde, ambako maji ya mvua huzama chini upesi na kiangazi ni kirefu. Majaribio yote yaliyotajwa hapa yamefanyika mbali na Mtwara.

Atasema mkulima, na ana haki ya kusema, kwamba korosho ndiyo inayosomesha watoto na kivumbasi hakina mnunuzi. Hakina kwa sababu hakuna aliyemtafuta. Kakamega, Kenya, kikundi cha wakulima cha Muliru kinalima ndugu wa kivumbasi, Ocimum kilimandscharicum, kinakamua mafuta na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub, kwa msaada wa watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Huko msitu wa Kakamega umepata watetezi kwa sababu watu wana kipato nje ya kuukata. Watafiti wa ICIPE ndio walioonyesha mwaka 1990 kwamba majani ya kivumbasi hufukuza fukusi wa mahindi, jambo ambalo akina mama wenye vihenge walikuwa wakilifanyia kazi bila cheti.

Wengine watasema kivumbasi kimejaa kila mahali, hakiwezi kwisha. Ni kweli. Lakini kichaka kinachokihifadhi ndicho kinachokwisha. Mtaalamu wa jiografia Clement Gillman aliandika mwaka 1945 juu ya kilimo cha Wamakonde cha kuliacha shamba lirudi kichaka kabla ya kulimwa tena. Mkorosho haupumzishi ardhi hivyo, hukaa miongo na miongo. Na ndani ya vichaka vya kusini wamo ndugu wa mbali wa kivumbasi walio haba, kama Premna schliebenii na Premna hans-joachimii, wenye majina ya Mjerumani Hans-Joachim Schlieben aliyekusanya mimea Lindi miaka ya 1930. Sehemu kubwa ya hazina ya mimea mikavu ya Berlin, palipotunzwa vielelezo vya namna hiyo, iliteketea kwa mabomu Machi 1943. Kichaka kikifyekwa, hakuna pa kukimbilia.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, na taasisi ya Muhimbili ina wataalamu. Halmashauri ya Tandahimba ingeanza na kazi ndogo: kuchuma majani ya kivumbasi kutoka kata kadhaa, masika na kiangazi, kuyapeleka yapimwe mafuta, na kuviagiza vijiji viache ukanda wa kichaka kati ya mashamba. Gharama yake haifikii ya salfa inayopulizwa kwenye mikorosho kwa msimu mmoja. Madiwani wa Tandahimba waliingize hili katika bajeti ijayo.