Jinja: Majina Yaliyo Ukutani na Yale Hayakuandikwa

Kama umewahi kufika Jinja, najua ulienda kufanya nini. Ulijirusha na kamba, ukashuka Nile na boti ya kupuliza, ukala rolex mbili kando ya barabara, ukarudi Nairobi na basi ya usiku. Siwalaumu, ni poa. Lakini mimi nilienda nikashinda siku tatu nikitembea tu na miguu, shingo imeangalia juu, na leo nataka tuongee kuhusu kuta.

Ukiangalia Main Street ya Jinja kwa chini, ni mtaa wa kawaida: kibanda cha njano cha kutuma pesa, kinyozi, duka la vifaa vya simu. Sasa inua macho. Juu ya baraza kuna plasta imefinyangwa kwa mistari na ngazi ngazi, nguzo zimetoa kifua, na katikati kabisa, kwa herufi kubwa, jina la aliyejenga na mwaka. Mengi ni majina ya Kigujarati, miaka ni ile ya kabla ya uhuru. Rangi imebambuka, mahali pengine mti umeota kwenye mfereji wa maji, lakini jina bado linasomeka. Hiyo ndiyo picha kila mtu hupiga. Hata mimi nimepiga kama mia mbili hivi.

Pesa ya kujenga hayo yote ilitoka kwa pamba, na njia yake ilipita kwetu. Reli ilifika Kisumu 1901. Mizigo ikawa inavuka ziwa kwa meli kati ya Kisumu na Jinja, na 1912 ikajengwa reli nyingine fupi kutoka Jinja hadi Namasagali, katikati ya mashamba ya Busoga. Mkulima Mwafrika alilima, na Wahindi wakashika sehemu kubwa ya biashara ya kununua na kuchambua. Muljibhai Madhvani alianzia kwa biashara za hivyo hivyo kabla ya kufungua kiwanda cha sukari cha Kakira, nje kidogo ya Jinja, 1930.

Halafu ikaja bwawa. Owen Falls lilifunguliwa Aprili 1954 na Malkia Elizabeth wa Pili mwenyewe. Maporomoko ya Ripon, yale Speke aliyaona 1862 akasema Nile inaanzia hapa, yakamezwa na maji. Likapangiwa mashine kumi za megawati 15 kila moja, na Uganda ya wakati huo haingeweza kuumaliza huo umeme, kwa hivyo kabla miaka ya 50 iishe nyaya zilikuwa zimevutwa hadi Kenya. Soma hiyo tena. Tulikuwa tunawasha taa na maji ya Jinja.

Umeme wa bei rahisi ukaita viwanda. Nytil ikaanza kufuma vitambaa ng'ambo ya mto, Njeru. Shaba ya Kilembe ilitoka upande ule mwingine wote wa nchi kwa treni ikaja kuyeyushwa Jinja. Na viwanda vikaita watu.

Hapa ndipo ramani ya mji inaanza kuongea. Wazungu walikaa upande wa mto na ziwa, kwa nyumba za uwanja mkubwa na miti ambayo kivuli chake bado kinatosha mtaa mzima. Wahindi walikaa katikati, duka chini, familia juu au nyuma. Waafrika wakajengewa Walukuba, mashariki, mbali na hayo yote. Hakuna mahali kumeandikwa ubaguzi, lakini ukitembea kutoka mto hadi Walukuba unauhisi kwa miguu: viwanja vinapungua, miti inaisha, nyumba zinakaribiana mpaka unasikia redio ya jirani.

Niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo msinichukulie kama profesa. Lakini nikiwa Walukuba kitu kilinigonga: hakuna jina. Mistari ya vinyumba vidogo vinavyofanana, safu kwa safu, na hakuna ukuta niliopata umeandikwa nani aliishi hapa na alifika mwaka gani. Na hawa ndio walikuwa wanasukuma mashine.

Wengi wao walikuwa Wakenya. Ushago kwetu kulikuwa na mzee tukimwita Jinja, nikadhani ni jina lake la kuzaliwa. Alikuwa anatusalimia kwa Kisoga, tunacheka. Watu wazima walisema tu alirudi "mwaka wa sabini" na hakuna aliyeuliza zaidi.

Haya, mwaka wa sabini. Oktoba 1970 serikali ya Milton Obote iliamua wafanyakazi wa Kenya watoke Uganda, kazi zipewe wananchi. Idadi inayotajwa sana ni karibu watu 30,000, wengi wao Wajaluo. Hii haikuwa Amin. Amin alichukua nchi Januari 1971. Ilikuwa serikali ya kiraia, na wasee waliotolewa walikuwa vibarua, si mabwanyenye wa Main Street. Sijawahi kuona filamu ya hiyo stori. Sidhani hata ilipita kwa kitabu changu cha historia.

Mwaka wa 1972 mnaujua. Agosti, Amin anatangaza Wahindi wana siku 90. Zaidi ya 50,000 waliondoka, wengi walikuwa wamezaliwa hapo hapo. Maduka yakagawiwa wanajeshi na marafiki wa wanajeshi, na watu wakawapa matajiri hao wapya jina: mafuta mingi. Ndani ya miaka michache spea hakuna, pamba imepungua, biashara halisi imekuwa magendo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na mapema miaka ya 80 hata shaba ya Kilembe ilikuwa imenyamaza.

Kwa hivyo ile posti inayozunguka kila mwaka, "Amin aliua Jinja," ni kweli nusu. Amin alivunja. Lakini alivunja mji uliokuwa umepangwa ili wenye mali na wenye kazi wasijuane. Ukijenga mji ambao umiliki una rangi moja na jasho lina rangi nyingine, siku mwanasiasa akitaka adui ramani iko tayari, amechorewa. Na kabla tuanze kuwacheka Waganda: sisi tulipitisha sheria zetu za leseni na vibali vya kazi 1967, na mapema 1968 Wahindi wa Nairobi walikuwa wamejaza ndege za kwenda Uingereza. Tulitumia karatasi badala ya bunduki, basi.

Serikali ya Museveni ilirudishia familia nyingi majengo yao miaka ya 90. Zingine zilirudi zikafungua, zingine zikauza. Jinja ilipewa cheo cha jiji 2020 na kuna watu wanapigania hizo plasta za Main Street zisibomolewe. Naunga mkono, kabisa. Jina la mtu na mwaka wake likiwa ukutani, hata mjukuu akikaa Leicester anaweza kuja kulisoma.

Mjukuu wa msee wa Walukuba atasoma wapi?

Kwa hivyo nawaomba kitu, hasa nyinyi wa Siaya, Busia, Kakamega, Kisumu. Mkienda ushago Desemba, ulizeni wazee kama kuna mtu wenu aliyefanya kazi Jinja. Alikuwa kiwanda gani, alikaa na nani Walukuba, alirudi na nini. Nitumieni jina na mwaka, hata kama ni hayo mawili tu. Yule mzee wetu alishaaga, na jina lake halisi nimelijua mwezi huu: Ouma. Alifika Jinja 1957.