Leseni Ikishachukuliwa

Jumapili alasiri, tarehe 24 Novemba 1968, mtoto wa miaka mitano aligonga ubavu wa gari kwa baiskeli yake katika jimbo la Georgia, Marekani. Dereva alikuwa mchungaji, Paul Bell, aliyehudumia jamii tatu za mashambani, kazi ambayo huwezi kuifanya kwa miguu. Hakuwa na bima. Wazazi wa mtoto wakadai fidia ya dola 5,000. Sheria ya Georgia ilikuwa fupi: dereva asiye na bima aweke dhamana ya kiasi kinachodaiwa, ama leseni yake isimamishwe.

Kinachodaiwa, si kilichothibitishwa. Bell alitaka kueleza kwamba ajali haikuwa kosa lake. Akaambiwa hayo si ya kujadiliwa hapo. Sasa ulimwita wa nini?

Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 24 Mei 1971 Bell akashinda bila jaji hata mmoja kupinga. Jaji William Brennan aliandika kwamba leseni ikishatolewa inaweza kuwa riziki ya mtu, kwa hivyo serikali haiwezi kuichukua kabla ya kumsikiliza, tena kuhusu lile swali hasa: kuna uwezekano wa kweli wa yeye kupatikana na lawama? Kabla ya hapo serikali zilipenda kusema leseni ni hisani tu, anayeitoa huichukua akitaka.

Mimi si wakili, lakini naona Bell alifungua mlango nusu. Majimbo yalilazimika kumsikiliza mtu kwanza, sawa. Hayakukatazwa kutumia leseni kama fimbo ya kudai madeni. Hujalipa faini, leseni inasimamishwa. Hujalipa matunzo ya mtoto, vilevile. Na mtu wa mashambani kule hana matatu ya kusubiri steji. Kazi iko mbali, anaendesha hivyo hivyo, anashikwa, na sasa lile deni dogo limekuwa kosa la jinai lenye faini nyingine juu yake, pengine na jela. California iliacha kusimamisha leseni kwa ajili ya faini za trafiki zisizolipwa mwaka 2017 tu. Juzi hapo.

Kufutiwa leseni ni jambo zito zaidi, na hapo ndipo kesi ya Kansas inaponivutia. Tarehe 28 Aprili 2016, afisa mmoja wa sherifu aliingiza namba ya pikapu kwenye kompyuta. Mwenye gari alikuwa Charles Glover, na leseni yake ilikuwa imefutwa. Pikapu haikuwa imevunja sheria yoyote barabarani. Afisa akaisimamisha tu, na kweli aliyekuwa ndani ni Glover. Akashtakiwa kama mkosaji sugu wa trafiki, kosa ambalo Kansas linaweza kukupeleka jela hadi mwaka mmoja.

Jaji wa kwanza aliukataa ushahidi. Alisema magari matatu yamesajiliwa kwa jina lake mwenyewe, na moja huendeshwa na mumewe, jingine na binti yake. Yeyote aliyewahi kuazima gari la mjomba kwenda harusini atamwelewa huyu mama.

Mahakama ya Juu haikumwelewa. Tarehe 6 Aprili 2020, majaji wanane kwa mmoja walisema akili ya kawaida inatosha: mara nyingi mwenye gari ndiye dereva, na waliofutiwa leseni huendelea kuendesha. Sonia Sotomayor alipinga peke yake. Elena Kagan alikubaliana na wengi, ila akaweka mpaka ambao mimi naona ndio kiini cha kesi nzima. Kansas, alisema, hufuta leseni karibu kila mara kwa makosa mazito au ya kurudiwa barabarani, lakini huisimamisha hata kwa tikiti za kuegesha na ada za mahakama. Kompyuta ingeonyesha "imesimamishwa", huenda angeamua vingine.

Clarence Thomas, aliyeandika hukumu, naye aliacha upenyo. Kama mwenye gari ni mwanamume wa miaka sitini na kitu, na polisi anaona usukani umeshikwa na mwanamke wa miaka ishirini na kitu, shaka inakwisha. Ila yule afisa wa Kansas hakujaribu hata kuangalia ni nani aliyeshika usukani.