Kazi ya Kuitana na Kazi ya Kuamrishwa katika Nchi ya Uzaramo

Walimu na mapadre wengi wakaao katika wilaya za Kisarawe na Kibaha hunung'unika kwa jambo moja. Mtu akifa kijijini, kabla jua halijageuka kaburi limekwisha chimbwa, maji yametekwa, kuni zimeletwa, wala hakuna aliyeandika majina ya waliofika. Bali akiitwa mtu yule yule kuchimba msingi wa darasa, utaambiwa amekwenda shamba, au anaumwa, au ana mgeni. Basi wao huhukumu upesi kwamba watu wa pwani ni wavivu, au kwamba hawapendi elimu. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, tena haipatani na habari za nchi. Wazaramo walikuwa na sheria zao za kusaidiana, nazo zilijulikana na kila mtu ijapokuwa hazikuandikwa. Na katika miaka mia na zaidi iliyopita wakubwa wamelichukua jina la msaada mara kwa mara, na sheria zake wakaziacha.

Tuanze na zamani. Mzaramo hakukaa katika mji mkubwa. Nyumba zake zilitawanyika vilimani na mabondeni, tatu hapa, tano kule, kila ukoo na minazi yake, na baadaye mikorosho yake. Mtu aliyekaa hivyo hawezi kuishi peke yake. Kuna kazi asizoziweza na mkewe na watoto: kufyeka pori jipya, kusimamisha nyumba na kuikandika udongo, kuezeka, na hasa kupigana na nguruwe mwitu. Kazi hizi zilifanywa kwa ujima, yaani kazi wafanyayo majirani pamoja kwa faida ya mmoja wao, leo kwangu na kesho kwako.

Mwenye haja alikwenda mwenyewe, au alimtuma mtu wa nyumbani mwake, kuita nyumba kwa nyumba. Hakutuma askari. Aliyeitwa aliweza kusema, "Siku hiyo sina nafasi," wala hakutozwa kitu, ila watu walikumbuka. Mwenye kazi ndiye aliyelisha: wali kama upo, au bada ya muhogo na kitoweo, na tembo la mnazi kwa wanaokunywa. Wanawake walikuwa na fungu lao la kazi, kuteka maji ya kukandikia na kupika, nalo ni zito kuliko wanaume wanavyokubali kusema. Na kazi ilikuwa na mwisho unaoonekana. Nyumba ikiezekwa, watu walirudi kwao. Mtu aliyeitwa mara nyingi bila kuita, siku yake ilipofika hakuhitaji kubembeleza mtu.

Habari ya nguruwe yataka maneno zaidi, maana imesahauliwa. Mpunga na muhogo vikikaribia kuvunwa, nguruwe huingia usiku na kumaliza kazi ya mwaka. Kulinda juu ya dungu hakutoshi. Wanaume wa mahali pamoja walitoka na nyavu, mikuki na mbwa, wakachoma nyasi na kuwasukuma wanyama mahali pa kuwaulia. Ujima huu hauwezekani wanaume wasipokuwapo.

Sasa tazama yaliyotokea zamani za Wadachi. Mwaka 1902 Gavana von Götzen alianzisha mashamba ya pamba ya watu wote, na wilaya ya Dar es Salaam, ambayo Uzaramo ilikuwa ndani yake, ilikuwa katika zile za kwanza. Kila jumbe aliamriwa kuwa na shamba moja, na watu wake walilime pamoja. Ukitazama kwa macho tu, ungesema ni ujima: majirani wengi, majembe mengi, shamba moja. Kwa hesabu ya wakubwa kila mtu alitakiwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka. Mapato yaligawanywa mafungu matatu, moja la wafanya kazi wote, moja la jumbe, na moja la chama cha serikali kilichosimamia biashara. Malipo ya kwanza yalipotolewa katika wilaya ya Dar es Salaam, kila mfanya kazi alipata senti 35, na watu walikataa kuzipokea. Kodi ya nyumba ilikuwa rupia 3 kwa mwaka.

Watu walikataa fedha hiyo ingawa walikuwa na haja nayo, na jambo hili lina maana. Mtu aliyelima kwa ujima haoni haya kurudi na tumbo lililoshiba tu, bila senti moja, kwa kuwa jirani yake yu katika deni la heshima. Lakini hapa hapakuwa na jirani. Aliyeita ni akida, aliyekula ni mwingine, na yule aliyekataa kuja alichapwa. Zaidi ya hayo, sheria za uwindaji za Wadachi zilibana usakaji wa nyavu, na vijana wengi walikuwa wamekwenda kufanya kazi za mshahara katika mashamba ya wazungu. Basi pamba ya serikali ilipaliliwa, na nguruwe wakala chakula cha wanawake waliobaki. Ujima wa uongo uliua ujima wa kweli.

Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi wa Julai 1905, na muda si mwingi vikafika Uzaramo. Sababu zake ni nyingi, wala sisemi ilikuwa pamba tu. Kibasila, mkuu wa Kisangire, alinyongwa na Wadachi. Leo shule moja ya sekondari ya Dar es Salaam ina jina lake, na yafaa wanafunzi wake waambiwe pia habari ya shamba la pamba.

Misheni nayo ilikuwa nchini tayari, maana Walutheri walijenga Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895. Sitakaa sana hapo. Watosha huu mmoja: katika vita kuu ya 1914 hadi 1918 wamisionari Wadachi waliondolewa, na walimu wenyeji wakashika shule na ibada. Hapakuwa na mkubwa wa kuwaamrisha, na nani angewaadhibu kama wangaliondoka?

Nitaje na maneno mawili, kwa kuwa lugha hutunza kumbukumbu ambayo watu wameiacha. Mbiu ya mgambo zamani ilikuwa pembe iliyopigwa kuwaita watu wote kwa jambo la wote, na methali yake tunaijua: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Leo ukisema "mgambo" kijijini, mtoto hafikiri pembe. Afikiri mtu mwenye sare na fimbo, anayekuja kukamata wasiofika katika kazi. Mwito umekuwa mkamataji.

Neno la pili ni "kujitolea". Limetoka katika kutoa: mtu anaitoa nafsi yake kwa ajili ya jambo. Jeshi la Kujenga Taifa lilianza mwaka 1963 na vijana waliojiunga kwa hiari, na kambi yake ya Ruvu, katika nchi ya Kibaha, yajulikana sana. Kisha mwaka 1966 ikatungwa sheria ya kuwalazimisha wasomi kuingia. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam mwezi wa Oktoba mwaka ule, na Rais Nyerere akawarudisha makwao mamia yao. Lazima hiyo ilisimamishwa mwaka 1994, ikarudishwa mwaka 2013. Lililobaki ni usemi wa kambini: kuna vijana "wa kujitolea", na kuna vijana "wa mujibu wa sheria". Naona usemi huu ni wa haki kuliko wetu wa vijijini, ambako kazi ya sheria na kazi ya hiari zote mbili huitwa kujitolea.

Miaka ya kwanza ya uhuru ilikuwa na moyo wake. Mwito wa TANU ulikuwa "Uhuru na Kazi", na watu walifungua njia na kujenga shule kwa mikono yao, hata serikali ikaona taabu, maana majengo yalizidi walimu. Huko Kibaha nchi za Nordiki zilijenga kituo cha shule, afya na mafunzo ya wakulima, kilichofunguliwa mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Leo ndicho Shirika la Elimu Kibaha. Ni kazi njema, nayo ilikuwa na mafundi na fedha ya kigeni. Kijiji kisicho nazo hakipaswi kupimwa kwa kipimo kile.

Mwezi wa Septemba 1967 Nyerere alitoa maandiko yake juu ya ujamaa vijijini. Alisifu maisha ya zamani ya kusaidiana, lakini hakuyapamba; alisema yalikuwa na makosa mawili, unyonge wa wanawake na umaskini. Alisema pia kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kuundwa kwa nguvu. Miaka sita baadaye, tarehe 6 Novemba 1973, ilitangazwa kwamba kukaa vijijini ni amri, nayo itimizwe kabla ya mwisho wa 1976. Mtu wa bara aliyehamishwa aliweza kulima mahindi mengine mwaka uliofuata. Mzaramo aliacha minazi na mikorosho, nayo miti haifuati mtu. Wengine walitembea kila siku kurudi kwenye miti yao, wakaandikwa watoro katika shamba la pamoja.

Ndipo tunarudi kwenye kaburi. Mazishi hayakuwahi kutwaliwa na serikali yo yote. Kila anayebeba jeneza ajua kwamba naye atabebwa. Ubani hutolewa kadiri ya uwezo. Watani, kama Wanyamwezi waliojuana na Wazaramo tangu zamani za misafara, wana kazi yao katika msiba na ruhusa ya kuwachekesha wafiwa. Waliokwenda mjini wakachukua desturi hiyo pamoja nao, na katika miaka ya 1930 wakaunda Chama cha Wazaramo cha kusaidiana huko Dar es Salaam.

Shule imekuwa na historia nyingine. Katika mpango wa elimu ya msingi ulioanza mwaka 2002 wananchi walitakiwa kuleta mchanga, mawe na maji, na serikali itoe fedha ya kumalizia. "Nguvu za wananchi" ikawa safu katika hesabu. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa na michango ya lazima imekatazwa. Mzazi asema, "Serikali imetamka bure," na mwalimu hana jibu ila kurudi kwenye kuitana kwenyewe, jambo ambalo wengi hawajalijaribu.

Kijiji kimoja cha Kisarawe nikijuacho kililijaribu. Mkuu wa shule aliiweka kando orodha ya majina na faini, akawaendea wale wazee wanaosimamia makaburi, akawaomba waite wao, nyumba kwa nyumba, kama waitavyo siku zote. Kamati ililisha: wali, maharage, na chai ya asubuhi. Kila kitongoji kilipewa ukuta wake, na kazi ikatajwa mwisho wake, hadi lenta. Wanawake walisema watateka maji ikiwa wanaume wataleta mapipa karibu, na wanaume walileta baada ya kubishana siku mbili. Wapo wasiofika, wala hawakutajwa mkutanoni. Kuta zilifika lenta kabla ya mvua za masika. Madirisha bado, wanangoja korosho ziuzwe.