Dawa ya Moto si Moto

Msomaji, ukishuka kutoka mji wa Embu kwenda nchi kavu ya Mbeere, au ukipita vijiji vya chini vya Meru, utawakuta punda wakibeba maji. Siku punda achechemeapo kwa kuumia kano, nyumba nzima hupata taabu. Kano ni ukamba mgumu uungao msuli na mfupa. Ikiraruka hupona polepole, na mahali pake huota kovu lisilonyumbuka vema. Mnyama akirudishwa kazini mapema, huumia tena. Tiba ya jeraha hili imechunguzwa hasa kwa farasi, nduguye punda, na historia yake ina funzo.

Kwa karne nyingi matabibu wa wanyama huko Ulaya waliuchoma mguu huo kwa chuma cha moto. Walifuata shauri kama la methali yetu, dawa ya moto ni moto: waliamini kuwa jeraha jipya lingeliponya la zamani. Farasi aliyechomwa alipumzishwa miezi mingi. Alipopona, sifa ikapewa chuma. Wachache waliuliza kama si mapumziko yaliyomponya. Mwaka 1983 wataalamu wa Bristol, Uingereza, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao: kuchoma hakukuwa na faida.

Wakati huo elimu nyingine ilikuwa imekwisha kuchipua. Mwaka 1961, huko Toronto, Kanada, James Till na Ernest McCulloch walionyesha kwa panya kwamba katika uboho wa mifupa mna seli ziwezazo kuzaa seli za damu za namna mbalimbali. Seli za jinsi hii huitwa seli shina, kwani kama shina la mti, hutoa matawi. Mwaka 2003, Roger Smith na wenzake wa London walieleza jinsi walivyotoa uboho wa farasi, wakakuza seli zake katika maabara, kisha wakazitia katika kano iliyoumia ya farasi yule yule.

Je, zilifaa? Taarifa ya mwaka 2012 ilihusu farasi wa mashindano 113 waliotibiwa hivyo. Takriban 27 katika kila 100 waliumia tena, idadi ndogo kuliko ya taarifa za zamani. Lakini hao nao walipumzishwa muda mrefu, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nao. Basi mwaka 2013 yakatangazwa matokeo ya farasi 12: sita walitiwa seli, sita maji ya chumvi tu. Kano za waliotiwa seli zilikaribia zaidi hali ya uzima. Kundi lilikuwa dogo, lakini swali ambalo chuma kilikwepa kwa karne nyingi, seli ziliulizwa mapema.

Tiba hii ni ghali. Kuuliza hakuna bei. Punda wa kwenu akichechemea, mtue mzigo, mpumzishe, mwite daktari wa mifugo. Na akitokea mtu mwenye chuma cha moto, mwulize kwa adabu: ni nani aliyepona kwa chuma, na ni nani aliyepona kwa kupumzishwa?