Msongo Usio wa Mawazo

Mwaka 2018, umeme wa gridi ya taifa ulipofika Songea na kuendelea kuelekea Mbinga, habari zote ziliandikwa kwa maneno yaleyale: njia ya msongo wa kilovoti 220 kutoka Makambako. Hakuna msomaji aliyeuliza nyaya hizo zina mawazo gani. Msongo pale ni nguvu inayousukuma umeme upite, basi. Lakini msomaji huyohuyo akifungua ukurasa wa afya anakutana na msongo mwingine, huu ukiwa na mkia: msongo wa mawazo. Ndiyo tafsiri iliyozoeleka ya neno la Kiingereza “stress”, na utaikuta kwenye mabango ya zahanati, vipindi vya redio na vitabu vya ushauri nasaha. Mimi sina ugomvi na msongo. Ugomvi wangu ni na huo mkia.

Kitenzi songa kina kazi nyingi. Mpishi husonga ugali, msusi husonga nywele, abiria wakisongana ndani ya daladala tunapata msongamano. Na bado tunahimizana tusonge mbele. Kubana na kusogea vimekaa ndani ya kitenzi kimoja, na wala havigombani. Kiarabu nacho kilitupa dhiki, ambayo asili yake ni wembamba, hali ya kuwa mahali pasipotosha. Ndiyo maana baada ya dhiki husemwa huja faraja, neno ambalo asili yake ni kufunguka. Hata “stress” yenyewe imetokana na Kilatini cha kukaza na kubana. Lugha tatu zisizo na undugu, picha moja. Kiingereza lakini kikalibebesha neno lake mizigo mingi: silabi inayotamkwa kwa nguvu, kani inayobana chuma, na hali ya binadamu aliyezidiwa. Kiswahili kimegawa mizigo hiyo. Mwalimu wa sarufi na mwalimu wa fizikia wanagawana mkazo (katika jina Mbinga, mkazo uko kwenye silabi ya kwanza), na binadamu kaachiwa msongo.

Aliyeliingiza neno la Kiingereza katika tiba hakuwa Mwingereza. Hans Selye alizaliwa Vienna mwaka 1907 na akafanya kazi Montreal, katika Chuo Kikuu cha McGill. Mwaka 1936 jarida la Nature lilichapisha barua yake fupi kuhusu panya. Aliwaweka kwenye baridi, akawachosha kwa kuwakimbiza, akawadunga dawa zenye sumu za aina mbalimbali. Kila mara alipowapasua alikuta mambo yaleyale: tezi zilizo juu ya figo zimevimba, tezi za kinga zimesinyaa, tumbo lina vidonda. Mateso tofauti, jibu moja. Baadaye akaliita jibu hilo kwa neno la wahandisi, na baadaye zaidi akakiri kwamba kama angekijua Kiingereza vizuri wakati ule angechukua neno jingine, lile linalotaja kinachokipata chuma badala ya kani inayokibana. Wafaransa na Wajerumani walilibeba neno lake hivyohivyo. Vijana wetu nao wamefanya kama Wafaransa: “usinipe stresi.”

Angalia sasa kilichotokea katika tafsiri yetu. Panya wa Selye hawakuwa na mawazo kwa maana tunayoisema. Hawakudaiwa ada wala hawakuwa na deni dukani. Kilichosongwa ni mwili. Hatari ikitokea, adrenalini hupanda, moyo huenda mbio, ini humwaga sukari kwenye damu; kisha kotisoli hufuata na kuuweka mwili katika hali ya tahadhari kwa muda mrefu zaidi, huku kazi zinazoweza kungoja, kama kusaga chakula na kujenga kinga, zikipunguzwa. Kwa mtu anayemkimbia kiboko, mpango huo ni mzuri sana. Kiboko akikaa mlangoni miezi mitano, mpango uleule huanza kuchosha mishipa, kuvuruga usingizi na kupandisha presha.

Mbinga kuna miezi mitano ya namna hiyo.

Kahawa ya milima ya Umatengo ni arabika, na huchumwa kuanzia katikati ya mwaka. Baada ya kumenywa, kuoshwa na kuanikwa hupelekwa kwenye chama cha msingi, kisha mnadani, na fedha ikifika mkononi mwaka unakaribia kuisha. Shule hufunguliwa Januari. Januari buni bado mbichi mtini, mahindi ghalani yanahesabiwa, na maharage ya kwenye ngoro, yale mashimo ya kulimia mlimani, hayajapandwa hata kidogo. Hapo ndipo mtu mwenye fedha taslimu hupita shamba kwa shamba, anatazama matawi, anataja bei. Huko huiita biashara ya magoma: kahawa inauzwa ikiwa bado mtini, kwa bei ya mwenye njaa. Serikali imekuwa ikiipiga marufuku, na mwaka 2018 ikasisitiza kahawa yote ipite kwenye vyama vya ushirika. Lakini marufuku haijabadili kalenda. Mzazi aliyechukua magoma Februari atachuma Julai kahawa ambayo si yake, na kila anapopita chini ya miti yake kati ya miezi hiyo anaiona ikiiva.

Huo ndio msongo, na hauko kichwani. Uko kwenye daftari la mtu mwingine. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, mara mbili: kabla ya mavuno wakiwa hawana kitu, na baada ya kulipwa. Watu walewale, majaribio ya akili ya aina ileile. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu ukubwa wa tofauti hiyo. Ila kijiji chochote cha kahawa kingeweza kuwaambia kwamba Februari si mwezi wa kumwuliza mtu mahesabu magumu.

Wazee wa Mbinga wanakumbuka msongo mkubwa kuliko huo wa kila mwaka. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukizuia bei ya kahawa isiporomoke ulivunjika. Miaka ya 1990 soko likaachwa huria, na chama kikuu cha ushirika cha MBICU, kilichokuwa kikiwakopesha wakulima pembejeo, kikaanguka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya dunia ilikuwa chini kuliko ilivyokuwa kwa miongo kadhaa. Mtu aliyeko kijijini Litembo hakuwa na la kufanya juu ya lolote kati ya hayo.

Ugumu wa kazi peke yake haumsongi mtu kiasi hicho. Ngoro ni ushahidi. Wamatengo hufyeka majani kwenye mteremko ambao mgeni angeogopa hata kuusimamia, huyapanga miraba miraba, kisha hufukua udongo wa katikati na kuyafukia. Mlima mzima unabaki na mashimo yanayokamata maji ya mvua na kuzuia udongo usiteremke. Ni kazi ya mgongo, na sehemu kubwa ya jembe huwaangukia wanawake. Lakini aliyeichimba anajua kwa nini kaichimba na itampa nini. Robert Sapolsky, Mmarekani aliyeanza kuwafuatilia nyani wa Kenya, eneo la Masai Mara, mwaka 1978, alipima kotisoli katika damu yao na kuona jambo la kufanana na hilo. Nyani hao hupata chakula chao kwa saa chache tu. Muda uliobaki wanasumbuana. Mwenye cheo cha chini, anayeweza kupigwa wakati wowote bila sababu, ndiye mwenye kotisoli ya juu hata siku ya amani. Kinachochosha ni kutojua kipigo kitatoka wapi.

Ufukweni mwa Ziwa Nyasa mambo ni hayohayo kwa sura nyingine. Kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, usipa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali watu hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Ni siku za kukosa, lakini kila mtu alizihesabu mapema, na mkopo dukani uliombwa kwa tarehe. Mwera, upepo wa kusini-mashariki, haumpi mtu tarehe. Mwezi na upepo vyote vinamnyima mvuvi samaki, ila ni upepo unaomnyima usingizi mkewe.

Sapolsky aliona jambo la pili: nyani wenye wenzao wa kukaa nao na kuchambuana manyoya walikuwa na hali nafuu. Umatengoni kulikuwa na sengu. Ukoo uliokaa kwenye mgongo mmoja wa mlima, eneo linaloitwa ntambo, ulikusanyika nyumbani kwa babu na kula pamoja, na hapohapo yakazungumzwa mashauri, ugomvi na mahitaji. Desturi hiyo ilififia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Kijapani, waliofanya kazi Mbinga katika vijiji kama Kindimba na Kitanda kuanzia mwaka 1999, waliichukulia kwa uzito kama msingi wa maendeleo ya kijiji, sambamba na ngoro na ntambo. Sidai kwamba sengu ilikuwa peponi. Penye babu mmoja mwenye neno la mwisho pana watu wanaonyamaza. Ila mwenye shida ya Februari alikuwa na mahali pa kuitaja kabla ya kumwita mwenye magoma.

Shuleni neno linatumika vibaya zaidi. Kiasi cha msongo kinahitajika: Yerkes na Dodson walionyesha mwaka 1908, kwa panya pia, kwamba shinikizo dogo husaidia kujifunza na likizidi huharibu, na kwamba jambo likiwa gumu huharibika mapema zaidi. Mtoto wa Mbamba Bay aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta biolojia, hesabu na jiografia zimegeuka Kiingereza kwa siku moja. Jambo gumu limepewa shinikizo la juu kabisa. Ada ya sekondari ya serikali hadi Kidato cha Nne ilifutwa kuanzia 2016, lakini sare, madaftari na michango bado vinamfuata mzazi yuleyule wa Januari. Halafu mtoto akikaa kimya darasani anaandikiwa kwamba ana msongo wa mawazo na apelekwe kwa mshauri. Apelekwe, sawa. Mshauri atamkuta mtoto asiyeelewa lugha ya swali.

Na zahanati? Huko neno kuu ni presha, nalo linabeba ugonjwa na hali kwa pamoja: “ana presha” inaweza kuwa kipimo cha 160 kwa 100 au mama anayemngoja mwanawe hajarudi. Vidonda vya tumbo navyo huambiwa ni vya mawazo, ingawa tangu Marshall na Warren wa Australia wamtambue bakteria wake mwaka 1982 tunajua kwamba vingi vinatibika kwa antibiotiki. Mgonjwa asiyepewa dawa kwa sababu ya neno ameonewa.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni “punguza mawazo”, na unatokana moja kwa moja na ule mkia. Ukikiita kitu msongo wa mawazo, dawa yake itakuwa kuwaza kidogo. Napendelea tubaki na msongo mtupu, kama shirika la umeme TANESCO kwenye nyaya zake, na tuseme kila mara ni msongo wa nini: wa deni, wa kusubiri mnada, wa mtihani, wa ugonjwa wa mtoto. Anayepima presha Litembo au Liuli akiuliza “una mawazo?” atajibiwa “kidogo tu”. Akiuliza “nini kinakusonga?” ataambiwa kiasi na jina la anayedai. Sonona iachwe peke yake, maana ni ugonjwa: mtu aliyekosa raha na hamu ya kila kitu kwa wiki mbili au zaidi, hata baada ya kahawa kulipwa, si wa kuambiwa apumzike. Huyo apewe rufaa ya hospitali.