Mzigo wa Mabawa

Mchukuzi wa gunia ana raha moja: gunia likipimwa sokoni likawa la kilo 90, litakuwa la kilo 90 hata mlangoni pa mwenyewe. Ndege za angani hazina raha hiyo. Ndege iliyopimwa kiwanjani ikaonekana kuwa na uzani wa kilo 1,000 yaweza, dakika chache baadaye, kuyalemea mabawa yake kana kwamba ni ya kilo 4,000, wala hapana mtu aliyeongeza ndani yake hata kikapu kimoja.

Ukitaka kulisadiki jambo hili, msomaji, chukua ndoo yenye maji nusu, uizungushe kwa nguvu kupita juu ya kichwa chako. Maji hayatamwagika, na mkono wako utaiona ndoo kuwa nzito kuliko ilivyokuwa. Maji hayakuzidi, kilichozidi ni nguvu inayotakiwa ili kuipindisha ndoo katika mwendo wake. Ndivyo ilivyo ndege inapopiga kona, au inapoinuka baada ya kuteremka kwa kasi: mabawa ndiyo mkono, na ndege yenyewe ndiyo ndoo. Wahandisi huigawanya nguvu inayobebwa na mabawa kwa uzani wa ndege, na jibu lake huliita uwiano wa mzigo. Ndege ikiruka sawasawa, jibu ni 1. Ikipinda huku imelala kwa pembe ya digrii 60, pasipo kupoteza kimo chake, jibu ni 2. Na kwa digrii 75 hukaribia 4. (Makampuni ya ndege hulitumia jina hilohilo kwa maana nyingine, yaani sehemu ya viti vilivyopata abiria, na wenye mitambo ya umeme wana maana yao ya tatu. Hizo tuwaachie wenyewe.)

Waundaji wa kwanza hawakuipima nguvu hiyo. Shida yao kubwa ilikuwa kupaa, na kila kilo waliyoipunguza waliiona kuwa faida. Louis Blériot alivuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza tarehe 25 Julai 1909, na dunia ikamshangilia. Haikupita miezi sita, tarehe 4 Januari 1910, Mfaransa mwenzake Léon Delagrange akafa karibu na Bordeaux, bawa la ndege yake, iliyokuwa ya aina ya Blériot, lilipovunjika angani. Wengine wakamfuata. Mwaka 1912 Blériot mwenyewe aliieleza serikali ya Ufaransa kwamba nyaya zilizoyashika mabawa kwa upande wa juu zilikuwa dhaifu, na jeshi likazisimamisha kwa muda ndege zenye jozi moja ya mabawa. Mimi humheshimu kwa taarifa ile kuliko kwa safari yake ya baharini, maana ndege hizo ndizo alizokuwa akiziuza.

Ilikuwako njia moja ya kuyajaribu mabawa: kuipindua ndege miguu juu karakanani, kisha kupanga mifuko ya mchanga juu ya mabawa mpaka yavunjike. Njia hii ilionyesha bawa laweza kubeba nini. Haikuonyesha rubani atalitwisha nini huko juu. Na bila kulijua hili la pili, lile la kwanza lina faida gani?

Jibu lilifuatwa angani na Luteni James Doolittle wa jeshi la Marekani, mwezi wa Machi 1924, katika kiwanja cha McCook, mjini Dayton. Ndani ya ndege ya vita aina ya Fokker PW-7 kilifungwa chombo chenye kuandika chenyewe kila badiliko la mzigo. Doolittle akazunguka duara wima, akabingirika kama pipa, akaruka chali, akapita penye hewa yenye misukosuko, kisha akateremka kwa kasi na kuiinua ndege kwa ghafula. Chombo kikaandika 7.8. Ikiwa rubani ni mtu wa kilo 70, basi kwa nukta ile kiti chake hubeba kilo 546! Tena aliona ya kuwa mwili wa binadamu hushindwa mapema: mzigo wa 4.5 ukidumu kwa muda, damu hukimbia kichwani na fahamu hupotea. Habari hizo alizifanya tasnifu katika chuo cha ufundi cha Massachusetts mwaka uleule. Vitabu vingi humtaja kwa sababu ya kuongoza shambulio la mabomu juu ya Tokyo mwaka 1942. Kazi ya 1924 hutajwa kwa mstari mmoja, nami naona si haki.

Kona kali ina hatari nyingine pia. Ndege ambayo mabawa yake huacha kuibeba ikienda chini ya kilomita 100 kwa saa, ikilala digrii 60 itaachwa hata ikiwa na mwendo wa kilomita 140. Rubani asiyekumbuka hivyo, naye yu karibu na ardhi, hana nafasi ya kujifunza.

Siku hizi sheria zinataka ndege kubwa ya abiria istahimili mzigo wa 2.5 angalau bila kuharibika, kisha iweze kubeba mara moja na nusu ya huo kwa muda wa sekunde tatu bila kuvunjika. Januari 1995 kampuni ya Boeing ilichukua ndege nzima ya aina ya 777, iliyoundwa kwa majaribio hayo tu, wala si kwa kuruka, ikayavuta mabawa yake kwenda juu polepole. Ncha zake zilipanda kiasi cha mita 7, na mabawa yote mawili yakavunjika pamoja, mzigo ulipofika mara 1.54 ya ule mkubwa uliotazamiwa safarini.