Sake ya Nada na Sake ya Fushimi: Maji Kwanza, Mchele Baadaye

Wengi wanaoanza kuonja sake, pombe ya mchele ya Japani, hutazama kwanza jinsi mchele ulivyokobolewa. Chupa ikiandikwa daiginjo, punje imekobolewa hadi ikabaki asilimia 50 au chini ya hapo. Ginjo ni 60. Kadiri punje inavyopungua ndivyo bei inavyopanda, na mnunuzi huamini kwamba na ubora umepanda. Sikubaliani na kipimo hicho. Anayetaka kujua kwa nini sake mbili hazifanani aulize kwanza maji yametoka wapi, kisha chachu ilianzishwaje.

Sake huanza hivi: wali uliopikwa kwa mvuke hunyunyiziwa mbegu za kuvu iitwayo koji. Kuvu hiyo hufanya kazi ile ile inayofanywa na kimea cha wimbi kwenye busaa: kugeuza wanga kuwa sukari. Lakini katika sake, koji na hamira hufanya kazi kwa wakati mmoja ndani ya chombo kimoja, sukari ikizaliwa huku ikigeuka kileo. Ndiyo maana pombe hii hukaribia asilimia 20 ya kileo bila kutoneshwa kama gongo.

Nada, ukanda wa pwani kati ya Kobe na Nishinomiya, ulipata siri yake kwa kulinganisha. Inasimuliwa kwamba mpishi wa pombe Yamamura Tazaemon alikuwa na viwanda viwili, kimoja Uozaki na kingine Nishinomiya, na kila mwaka sake ya Nishinomiya iliishinda ya Uozaki. Alibadilisha mchele, akawabadilishanisha wapishi; tofauti ikabaki pale pale. Mwaka 1840 akasafirisha maji ya kisima cha Nishinomiya hadi Uozaki, na sake ya huko ikawa nzuri vilevile. Sijui somo bora kuliko hili kwa mwonjaji: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Maji hayo, miyamizu, ni magumu kwa kiwango cha Japani. Yana fosforasi na potasiamu ya kuilisha hamira, na chuma kidogo sana, madini ambayo huharibu rangi na harufu ya sake. Hamira hushiba, huchachua kwa nguvu, na sake hutoka kavu, yenye uti. Ndiyo iliyopakiwa kwenye mapipa ya mwerezi na kupelekwa kwa meli hadi Edo, Tokyo ya leo.

Fushimi, kusini mwa Kyoto, maji ni laini zaidi. Uchachukaji huenda taratibu, na sake hutua ulimini kwa upole, ikiafikiana na supu nyepesi na tofu za Kyoto. Kutokana na hayo Wajapani husema sake ya Nada ni ya kiume na ya Fushimi ni ya kike. Usemi huo umedumu, ila unaficha zaidi ya unavyofichua, kwa sababu unafanya maji yaonekane kama hatima. Miura Senzaburo wa Akitsu, Hiroshima, alikuwa na maji laini kupita kiasi, na sake yake ilikuwa ikiharibika. Hakuhama. Aliikuza koji hadi ikaingia ndani ya punje, akachachusha polepole kwenye baridi, na mwaka 1898 akaichapisha mbinu yake ili wenzake nao waitumie. Kwenye mashindano ya kitaifa ya 1907 sake za Hiroshima zilitamba. Harufu ya tufaha na ndizi tunayoisifu leo katika ginjo ina deni kubwa kwa kazi ile.

Chachu, yaani mchanganyiko wa kwanza ambamo hamira hukuzwa, nayo hugawa njia. Kwa kimoto, njia ya kale, wali na koji hupondwa kwa miti, kisha bakteria huachwa watengeneze tindikali wenyewe. Kazi hiyo huchukua takriban mwezi. Tangu 1910 ipo sokujo, ambapo tindikali hutiwa tayari na muda hupungua kwa nusu. Sokujo hutoa sake safi. Kimoto hutoa kina: ukali kidogo, ladha ya nafaka, kitu kinachobaki kooni.

Kikombe cha waonjaji ni cha kauri nyeupe, chenye miduara miwili ya buluu kwenye kitako. Weupe huonyesha rangi. Ukingo wa buluu ukififia, sake ina ukungu. Mimina Nada ya kimoto na Fushimi ya daiginjo, zote zikiwa na nyuzi 10, na daiginjo itashinda kwa harufu kabla hujanywa. Watu wengi huishia hapo, na wanaionea Nada. Pasha zote mbili kwenye maji ya moto hadi nyuzi 45. Daiginjo hupoteza harufu yake na kuacha kileo kinachochoma. Kimoto hufunguka, ukali wake hulainika, na ukiinywa pamoja na samaki wa kuchoma mwenye mafuta, mafuta yale huondoka ulimini na hamu ya tonge jingine hurudi.